Mdhamini wa Damu

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo nimekaa chini kukueleza yote, hata yale ambayo Mama angependa niyaruke. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua inaishinda simu kwa jambo moja: haikatwi. Mama amekuwa akikupigia tangu mwezi wa kwanza, na simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe. Basi nimeona nitumie karatasi.

Sisi hatujambo. Bibi magoti yanamsumbua, lakini ulimi haujaumwa. Jana alimwambia muuza maziwa kwamba maziwa yake yameoga njiani, na muuza maziwa akanuna hadi akasahau kutudai. Mama bado anashona sare za shule pale barazani. Mimi nimekuwa wa nne darasani. Ningekuwa wa pili kama hesabu zingenionea huruma.

Sasa lililonileta. Nyumbani hatusemi kwamba Kaka yuko rumande. Tunasema "hayupo," kana kwamba ametoka kununua mkate. Najua unaijua habari yake, lakini naiandika ili mimi na wewe tuwe na maneno yaleyale. Unakumbuka alivyokuwa akimaliza kuchonga ufunguo: anaupiga tupa mara mbili chini ya kichwa, mistari miwili midogo, kama sahihi yake. Alikuwa akisema fundi asiyetia alama ni fundi anayeogopa kurudishiwa kazi. Ufunguo uliofungua lile ghala la vyombo vya umeme ulikutwa na mistari hiyo miwili. Walioingia walimvunja mlinzi mkono. Hakuna anayesema Kaka alikuwepo, hata polisi hawasemi, lakini ameshtakiwa pamoja nao kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na kosa hilo halina dhamana. Huu ni mwaka wa pili. Kesi ikitajwa, inaahirishwa.

Nimesikia kwamba muswada wa dhamana na adhabu umeingia Bungeni. Wewe ndiye unayeandika kila neno linalosemwa humo. Tafadhali niambie kwa kweli: utapita? Na ukipita, utawagusa walio ndani tayari, au ni wa watakaokamatwa baadaye?

Na swali dogo, usikasirike. Kwa nini hupokei simu za Mama?

Mwana wa kaka yako,
Bi Maswali, jina ulilonipa mwenyewe


21 Machi

Bi Maswali, mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na mwandiko wako umenyooka kuliko wa waheshimiwa wengi. Wa nne si haba. Hesabu hazina huruma, lakini hazina chuki pia, zirudie.

Mimi mzima. Kazi ni ileile. Waandishi wa taarifa rasmi tunaingia ukumbini kwa zamu fupi. Unakaa mbele ya kiti cha Spika, unasikiliza, unaandika, mwenzako anakuja kukupokea, unatoka mbio kwenda kuchapa. Hatuongezi wala hatupunguzi. Mheshimiwa akikohoa hatuandiki. Akitukana tunaandika, mpaka Spika aseme tufute.

Muswada wako umesomwa mara ya pili. Waziri alieleza kwamba mahakimu wapewe uwezo wa kutoa dhamana hata kwa makosa mazito, na kwamba zile adhabu za lazima, ambazo hakimu hana ruhusa ya kuzipunguza, ziondolewe ili kila mtu apimwe kwa kosa lake. Akasimama mama mmoja aliyewahi kuwa askari magereza. Sisi humwita Mama Kufuli, naye anajua na anacheka. Akasema, "Mheshimiwa Spika, milango hiyo nimeifunga kwa mikono hii. Wengi niliowafungia walikuwa hawajahukumiwa na mtu yeyote. Walikuwa wanasubiri. Kusubiri nako ni kifungo, tena hakina tarehe ya kuisha."

Meza zikapigwa. Kisha akasimama mwingine, huyu tunamwita Radi kwa sababu hahitaji kipaza sauti. "Na mlinzi aliyevunjwa mkono akilinda mali ya watu, yeye mtampa dhamana gani? Mtamwambia aliyemuumiza yuko nyumbani anakula wali?" Meza zikapigwa tena, na nyingine zilikuwa meza zilezile. Ndivyo ilivyo hapa.

Kama utapita, siwezi kusema. Nimekula kiapo cha kazi. Yanayosemwa ukumbini ni ya watu wote, yanayonong'onwa nje ya ukumbi si yangu kuyabeba.

Kuhusu simu: ukumbini haziruhusiwi.

Msalimie wifi yangu. Mwambie mama yangu apake dawa magotini, asiwape watu kazi ya kumkanda kila saa.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Bibi amesema dawa anapaka, na kwamba anayetaka kumpa ushauri wa magoti aje ayaone. Nimeyaandika alivyoyasema. Sikuongeza wala sikupunguza.

Ukumbi unafungwa jioni, Shangazi. Hilo ni la simu. Naendelea.

Juzi nilitoka shule nikamkuta Mama anashona na redio imewashwa barazani. Bibi alikuwa anachambua mchele. Kwa ile ngurumo nikajua ni yule Radi. Mwanzo nilimsikiliza kwa makini kama ulivyonifunza, bila kumkasirikia. Alisema watu wanaodai dhamana hawawajui hao watoto wao. Kisha akasema, nayaandika kama nilivyoyasikia: "Yupo kijana mchonga funguo, nasikia wanamlilia sana. Huyo kabla hajafungua ghala la watu alifungua chumba cha shangazi yake mwenyewe! Damu yake! Leo mnataka hakimu amwamini?"

Wakacheka watu humo ndani. Tulisikia kicheko.

Mashine ya Mama ilisimama. Bibi alinyanyuka, yeye ambaye kunyanyuka kwake huwa ni mkutano, akaizima redio kwa haraka kama mtu aliyeona nyoka. Nikauliza, "Chumba gani hicho?" Mama akasema, "Mambo ya wakubwa." Bibi akasema, "Mchele umejaa mawe siku hizi," na hakuniangalia.

Shangazi, wachonga funguo ni wengi, lakini wenye kesi ya ghala na wenye shangazi Bungeni sidhani kama wanafika wawili. Kile chumba chako cha nyuma bado kimefungwa tangu msiba wa Baba. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba ulifika siku ya pili baada ya mazishi, ukaingia chumbani, ukatoka, ukaondoka kesho yake. Hujarudi tena.

Mimi sikuwa nikijua kama kuna kitu kilifunguliwa. Mama anasema hajamwambia mtu. Bibi haongei. Kaka yuko ndani. Sasa Radi kajuaje?

Nimefundishwa kwamba kumshuku mkubwa bila ushahidi ni utovu wa adabu. Kwa hiyo sikushuku. Nakuuliza.

Bi Maswali


9 Aprili

Bi Maswali,

Barua imefika. Tuna vikao asubuhi na jioni. Wasalimie wote. Nitaandika.

Shangazi


25 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Nasubiri. Mama Kufuli alisema kusubiri nako ni kifungo.

Bi Maswali


8 Mei

Mwanangu,

Marahaba zote mbili. Umenichoma na maneno niliyokuletea mwenyewe. Ndiyo faida ya kusoma.

Kwanza habari uliyoitaka. Muswada umepita. Spika aliuliza, wakaitika ndiyo kwa sauti iliyojaza ukumbi, na waliosema siyo wakasikika kama watu waliochelewa kuamka. Utawagusa walio ndani tayari. Mama Kufuli alikipigania kifungu hicho mpaka sauti ikakauka. Umebaki kutiwa sahihi, na hilo halina mashaka.

Sasa lile la redio. Ukiitafuta taarifa rasmi ya siku ile hutayakuta maneno hayo. Spika aliamuru yafutwe kwa kuwa kesi iko mahakamani. Zamu ilikuwa yangu. Niliyaandika, kisha nikayafuta kwa mkono wangu.

Umeuliza Radi kajuaje. Siku moja kwenye chumba cha chai mwenzangu alikuwa akiusifu muswada. Nikamwambia asiwe mwepesi, kwamba hata mimi nina mpwa mchonga funguo aliyenifungulia chumba. Nilisema kwa mtu mmoja. Msaidizi wa Radi alikuwa meza ya nyuma anakoroga sukari. Watu husema kuta zina masikio. Za hapa zina vipaza sauti. Sikumtuma mtu aseme, lakini mdomo ulikuwa wangu.

Na kwa kuwa umeahidi kunieleza yote, sitakuacha na nusu. Marehemu mume wangu aliacha suti moja ya kijivu, yenye vifungo vya pembe, aliyovaa siku ya harusi yetu. Niliitundika kabatini katika chumba kile, nikafunga, ufunguo nikatembea nao. Baba yako alipofariki, Bunge lilikuwa katika bajeti na ruhusa ilichelewa. Nilifika kaka yangu ameshazikwa. Niliingia chumbani nikae peke yangu, nikafungua kabati ninuse ile suti, hata ingekuwa na vumbi. Haikuwepo. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri, kitasa hakina mkwaruzo. Katika nyumba ile ni mtu mmoja tu awezaye kufungua kitasa bila kukiumiza. Nilimwangalia mezani. Akaangalia chini, akawa anasugua kidole gumba. Nikajua kaiuza. Wiki ya kumzika baba yake! Nikafunga mkoba. Tangu hapo nikisikia sauti ya nyumba ile kwenye simu naiona ile henga tupu ya suti.

Mwisho. Radi alipoona hawezi kuuzuia muswada, alileta marekebisho kabla haujapitishwa, nayo yalipita. Kwa makosa mazito wadhamini ni wawili, na mmoja lazima awe ndugu wa damu mwenye ajira rasmi. Alisema, "Mnaosema hawa ni watoto wetu, haya, baba zao na shangazi zao waje watie sahihi!" Alipotamka hivyo kalamu yangu ilisimama. Sentensi mbili zilinipita, ikabidi mwenzangu anisaidie kuzitoa kwenye kinasa sauti. Haijapata kunitokea.

Najua unachohesabu sasa hivi. Mama yako ni damu, lakini kushona barazani si ajira rasmi. Bibi yako hana ajira. Wewe ni mtoto. Lakini mdhamini, mwanangu, ni mtu anayesimama mbele ya hakimu na kusema: huyu namfahamu. Mshtakiwa akitoroka, mdhamini ndiye anayejibu, kwa mali yake na kazi yake. Mimi yule kijana simfahamu. Nilidhani namfahamu.

Usiniombe.

Shangazi yako


30 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Safari hii mimi ndiye niliyechelewa. Nilikuwa natafuta. Bibi hajambo, Mama hajambo, hesabu nimepata sitini na moja. Yamekwisha ya salamu.

Jumamosi baada ya barua yako nilimwambia Mama nataka kwenda kumwona Kaka. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu, askari wakakagua mkate tuliompelekea kwa kuutoboatoboa, kisha tukaitwa. Kuna wavu kati yenu, na kila mtu anapiga kelele ili asikike na wake. Kaka amekonda, lakini utani haujakonda.

"Bi Maswali! Umekuja kunisalimia au kunihukumu?"

"Sijaamua," nikamwambia. "Ulifungua chumba cha Shangazi?"

"Nani kakwambia?"

"Redio."

Akacheka. Kisha akaona sicheki. Akaangalia chini, akaanza kusugua kidole gumba, vilevile kama ulivyoandika. Akasema, "Muulize Bibi. Mimi niliapa."

"Uliapa nini?"

"Ningekwambia ningekuwa nimeapa?"

Mama alikuwa pembeni yangu anafuta macho kwa upande wa leso, na hakushangaa. Hapo nikajua kwamba katika nyumba yetu asiyejua ni mimi, na wewe.

Nilimkuta Bibi anakanda magoti. Nilimsomea barua yako, ile sehemu ya suti, neno kwa neno. Nilipofika kwenye henga tupu akasema, "Inatosha." Akamaliza kukanda goti la pili. Kisha akasema, na mimi nimeyaandika usiku uleule ili yasipotee:

"Baba yako alikuwa fundi wa kupaka rangi. Nguo zake zote zina madoa, nyeupe, bluu, kijani, kama ukuta usiojua unataka nini. Tulitafuta nguo moja safi ya kumvisha, hatukuipata. Watu wamejaa uani, jeneza limefika. Nikasema mwanangu hatakwenda kwa Mungu kama mtu aliyetoka kazini. Nikamwambia kijana afungue chumba. Alikataa! Akasema, 'Bibi, cha Shangazi sifungui, tumpigie.' Tulimpigia, hakupatikana."

Shangazi, hilo la "hakupatikana" nimeliandika kama alivyolisema.

"Nikamwambia mimi ni mama wa wote wawili, mwenye suti na anayevaa. Akafungua. Akachonga na ufunguo wa kufungia. Nikamwapisha asiseme, kwamba nitamwambia shangazi yenu mwenyewe akifika. Alifika. Akaingia, akatoka, akafunga mkoba, hakuuliza neno. Nikasema, haya, akinyamaza na mimi nanyamaza, tuone nani atachoka. Sasa nimechoka. Mwandikie kwamba suti haikuuzwa. Imo kaburini na kaka yake, na ilimkaa vizuri, mabega tu yalipwaya."

Hakulia. Ila alifungua pindo la leso yake akatoa ufunguo uliofungwa fundo. Ni ule aliouchonga Kaka. Alikuwa akitembea nao tangu siku ile. Una mistari miwili chini ya kichwa.

Nilipoiona ile mistari nilifurahi sana, nikataka kukimbia hadi stesheni ya basi kuja kwako. Kwa sababu Kaka huwa anasema, "Mwizi gani anatia sahihi?" Nikasema hapo kuna ushahidi. Kisha nikaketi kuandika, na nilipokuwa naandika nikakwama. Ufunguo huu nao ulikuwa wa siri, na bado aliutia alama. Kwa hiyo alama haithibitishi kwamba kazi ilikuwa safi. Inathibitisha tu kwamba mkono wake hauwezi kuacha kuitia.

Na lipo jingine. Niliahidi kukueleza yote, kwa hiyo naliandika ingawa halimsaidii. Tulirudi kwake Jumamosi iliyopita. Nilimwambia Bibi amesema. Alipumua kama mtu aliyeshushwa gunia. Nikamuuliza, "Na ufunguo wa ghala, alikuletea nani?"

"Watu wengi huleta funguo. Nitamkumbuka nani?"

Akaangalia chini. Akasugua kidole gumba.

"Umemwapia mtu mwingine?" nikamuuliza. Kelele zilikuwa nyingi. Alinyanyua mkono akaonyesha sikio, kwamba hasikii. Mimi nilikuwa nimemsikia yeye vizuri.

Sijui, Shangazi. Huenda hamkumbuki kweli, na kidole ni mazoea tu ya mtu wa tupa. Huenda anamficha mtu, kama alivyomficha Bibi, kwa sababu aliombwa na mtu anayemheshimu. Nimemfikiria vibaya nikiwa kitandani, na asubuhi nimeona aibu, na jioni nimemfikiria vibaya tena. Nalijua jambo moja tu. Kwa chumba chako alikataa kwanza. Kwa ajili ya ahadi aliyompa kikongwe, alikuacha umwite mwizi miaka yote hii, na hakujitetea hata siku moja. Sijui kama mtu wa hivyo ni wa kuaminiwa au ni wa kuogopwa. Pengine ni vyote viwili. Lakini anayetunza ahadi kiasi hicho, akiahidi mahakama kwamba atarudi, nadhani atarudi.

Wakili wa Kaka anasema sheria imeshatiwa sahihi, na ombi la Kaka la dhamana litasikilizwa tarehe 11 Juni, saa tatu asubuhi. Mdhamini wa kwanza tumempata, ni mwalimu wetu wa Kiswahili. Alisema, "Mimi si damu, lakini naweza kutia sahihi." Wa pili, kwa kifungu kile ulichokiandika wewe mwenyewe kwa mkono wako, ni wewe peke yako.

Umesema nisikuombe. Sikuombi. Bibi naye hakuombi, ila ameniambia niutie ufunguo wa chumba chako ndani ya bahasha hii. Anasema mlango ni wako, na ukitaka ukija ubadilishe kitasa, hatanung'unika, au atanung'unika kidogo. Uguse ile mistari miwili kwa kidole. Imechongwa vizuri.

Wakili ametueleza kwamba kabla hakimu hajampokea mdhamini humuuliza swali moja. Nakuuliza mimi mapema, upate muda wa kulifikiria, na naomba jibu lije na basi la kwanza baada ya kusoma hapa, hata kama ni fupi kama lile la Aprili. Hakimu akikutazama na kusema, "Unamfahamu mshtakiwa huyu?", sasa ambapo umeyajua yote ninayoyajua, na yale nisiyoyajua pia umeyaona, utamjibu nini?

Mwana wa kaka yako,
Bi Maswali